Tupeane uzoefu: Ulipataje kazi yako ya kwanza baada ya kuhitimu uuguzi?

Mhitimu wa Dodoma

Ndugu zangu wauguzi na wakunga, nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, nimefaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na leseni ninayo, lakini kazi bado sijapata. Kwa sasa naishi kwa dada yangu hapa Dodoma na kila asubuhi napitia matangazo ya ajira. Maneno ya kunitia moyo nimeyapata ya kutosha nyumbani. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze kwa kirefu alivyoingia kazini: alianzia wapi, aliishije katika kile kipindi cha kati ya leseni na mshahara wa kwanza, na ni kitu gani hasa kilichomfungulia mlango. Mlioko serikalini, kwenye hospitali za mashirika ya dini, za binafsi na kwenye miradi, wote mnakaribishwa.

Mkunga wa Rukwa

Mdogo wangu, mimi nilianza kwa kujitolea katika hospitali ya wilaya huku Rukwa. Niliandika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala nikampelekea metroni, nikaambatisha nakala ya leseni na ya cheti. Nilipoitwa na kuulizwa ningependa kukaa wapi, niliomba wodi ya wazazi bila kusita, kwa sababu nilikwisha kuwaona wenzangu waliopangwa mapokezi, wakapima joto na shinikizo la damu mwaka mzima hadi mikono ikasahau kazi nyingine zote. Posho ilitoka kwenye makusanyo ya ndani ya hospitali, na makusanyo yakiwa hafifu haikutoka kabisa. Nilikaa kwa mama mdogo, nikala chakula chake, na siwezi kudanganya kwamba ningeweza kuendelea bila yeye. Anayekwambia ujitolee bila kukuuliza utalala wapi na utakula nini hajafikiri vizuri.

Wodi ile ndiyo iliyonipa ajira, ingawa si kwa njia niliyoitarajia. Nilidhani nikionekana nachapa kazi, hospitali yenyewe ingeniajiri; kumbe hospitali ya wilaya haina mamlaka ya kukuingiza kwenye ajira ya kudumu, kwa kuwa nafasi hutangazwa na Serikali na kila mtu huomba kupitia mfumo wa maombi wa mtandaoni. Faida niliiona siku ya usaili wa ana kwa ana. Niliulizwa: mama amejifungua salama, dakika chache baadaye unaona shuka limelowa damu, utafanya nini? Mwenzangu aliyesailiwa kabla yangu alinisimulia baadaye kwamba alianza na maana ya kutoka damu kwa wingi baada ya kujifungua, kisha visababishi vinne, na muda ukamwishia akiwa bado kwenye nadharia. Mimi nilianza na mikono: naita msaada kwa sauti, nasugua mfuko wa uzazi hadi ushikane, natoa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, uniti 10 kwenye msuli, naweka mishipa miwili kwa kanula kubwa na dripu zinakwenda, naondoa mkojo kwa katheta kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi kushikana, nakagua kondo la nyuma kama limetoka lote, kisha natafuta michaniko. Mmoja wa wasaili aliniuliza oksitosini yangu naitunza wapi. Nikajibu kwamba hukaa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8, na kwamba kule kwetu umeme ukikatika tuliihamishia kwenye jokofu la sola la chanjo. Niliona anaandika.

Nikushauri pia jambo ambalo wengi hawalisemi. Unapojitolea ukiwa na leseni, wewe si mwanafunzi tena, na likitokea tatizo kwa mgonjwa, Baraza litakuuliza wewe. Kwa hiyo hakikisha barua ya kukubaliwa iko kwa maandishi, jina lako limo kwenye ratiba ya zamu, na usikubali kuachiwa wodi peke yako usiku eti kwa sababu mwajiriwa amekwenda kupumzika. Ukiondoka, omba barua inayoeleza ulifanya kazi kitengo gani na kwa muda gani.

Sista wa Mbagala

Mimi nilipita hospitali binafsi jijini Dar es Salaam. Nilichapisha wasifu wangu, nikazunguka nao mwenyewe, na sehemu nyingi mlinzi wa getini aliupokea ukaishia hapo. Niliyoipata niliipata kwa sababu nilimkuta muuguzi mkuu akiwa na upungufu wa watu zamu ya usiku, akaniambia nianze siku hiyohiyo. Mshahara ulikuwa mdogo, kipindi cha majaribio kikarefushwa bila maelezo, na baadaye niligundua kwamba makato ya NSSF niliyokatwa hayakuwa yanafika yote kwenye Mfuko. Soma mkataba kabla ya kusaini na uulizie namba yako ya uanachama mapema. Na mwajiri akitaka kukaa na vyeti vyako halisi «kwa usalama», kataa kwa adabu. Vyeti halisi huonyeshwa, kisha hurudi kwenye mkoba wako.

Nesi wa Kibondo

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 wakati Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa wingi. Shirika lililokuwa likitoa huduma za afya lilibandika tangazo kwenye ubao wa halmashauri, na nadhani watu wengi hawakuomba kwa sababu ya umbali tu. Walioomba tulikuwa wachache na usaili ulikuwa wa siku moja: karatasi asubuhi, mazungumzo mchana.

Sijawahi kufanya kazi iliyonifunza haraka namna ile. Msimu wa mvua, foleni ya watoto wenye homa ilianza kabla hatujafungua mlango. Unatoboa kidole, unadondosha tone kwenye kipimo cha haraka cha malaria, unaandika saa juu ya kipimo kwa kalamu ili usikisome kabla ya wakati, unashika mtoto mwingine. Kirundi nilikuwa sikijui, lakini akina mama wengi walikuwa wakielewa Kiswahili kidogo na mkalimani alikuwepo. Baada ya muda niliweza kuuliza mwenyewe mtoto anaumwa nini na tangu lini. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya wenzangu waliobaki mjini. Ubaya wake ni kwamba mkataba ulifuata bajeti ya wafadhili, na fedha zilipopungua watu walipunguzwa, waliofanya vizuri na waliofanya vibaya kwa pamoja. Kwa mwenye leseni mpya bado naipendekeza njia hii, ila tangu mwezi wa kwanza weka akiba na endelea kuomba serikalini.

Mkongwe wa Tabora

Nawasoma vijana na nakumbuka mwaka wetu. Sisi tulihitimu 2015 tukiamini tungesubiri miezi michache. Juni 2016 Serikali ikasitisha ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, ukaja na uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 Rais Magufuli akakabidhiwa pale Dodoma ripoti iliyotaja watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Wakati huo zahanati niliyokuwa nikijitolea ilibaki na mganga mmoja na mimi. Wananchi walikuwa wakinisalimia «nesi wetu» nami sina hata cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya Serikali.

Kati ya tuliohitimu pamoja, walioajiriwa mapema milango ilipofunguka si waliokuwa na alama za juu. Ni wale ambao leseni zao zilikuwa hai. Wengine waliona hakuna maana ya kulipia leseni wakati wanauza duka, ikaisha muda wake, na tangazo lilipotoka ghafla wakaanza kukimbizana na Baraza huku siku za kuomba zikiyoyoma. Zamani maombi ya kada za afya yalipitia mfumo wa TAMISEMI na wengi tulipangiwa vituo bila kusailiwa. Siku hizi mnaitwa kwenye usaili wa mchujo kwanza. Kwa hiyo mnahitaji karatasi zilizokamilika na kichwa kilichosoma, vyote kwa wakati mmoja.

Muuguzi wa Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Kwetu, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, wauguzi wengi wa umma huajiriwa na kaunti kupitia bodi zao za utumishi, kwa hivyo unaomba kaunti baada ya kaunti. Mwenye digrii hufanya kwanza mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Mimi niliishi kwa lokamu katika kliniki za kibinafsi, zamu ya hapa na zamu ya pale, kisha nikapata kandarasi. Ningeshauri mtu aombe kaunti ambazo si za nyumbani pia, ingawa wazee watanung'unika.

Mzanzibari wa Muscat

Kuna mtu ameniuliza faraghani kuhusu Uarabuni kama kazi ya kwanza. Kwa huku Ghuba, vyeti huhakikiwa na DataFlow, unafanya mtihani wa leseni wa Prometric, na waajiri kwa kawaida wanataka uzoefu wa miaka miwili baada ya leseni. Ukiwa umehitimu juzi, wakala anayekuahidi njia ya mkato anataka fedha yako tu.

Mhitimu wa Dodoma

Nashukuru sana, dada zangu na kaka zangu. Swali langu moja: cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo na leseni vina matatu, na kwenye kitambulisho cha Taifa jina la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti. Je, hili litanikwamisha?

Afisa wa Utumishi

Linaweza kukukwamisha, na heri umeliuliza kabla ya tangazo. Nimeketi upande wa kupokea watumishi wapya katika halmashauri, na nimeona mtu aliyefaulu usaili akirudishwa nyumbani siku ya kuripoti kwa tofauti ya herufi. Nenda NIDA ukaombe marekebisho ya jina kwanza, kwa sababu ndiyo yanayochelewa kuliko yote. Kwa tofauti ya majina mawili na matatu, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kutegemea atakavyoiona tofauti yenyewe. Ikiwa ni hati ya kubadili jina, ihakikishwe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Iambatishe kwenye akaunti yako ya maombi pamoja na vyeti, na nakala halisi uje nayo siku ya usaili.

Ukiwa hukohuko kwenye akaunti, kagua na haya. Barua ya maombi iwe na saini yako ya mkono, kwani isiyosainiwa huondolewa bila kusomwa. Cheti cha kuzaliwa kiwepo. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki badala ya cheti kamili, kwa hiyo kama chuo bado hakijakupa cheti, anza kukifuatilia wiki hii. Mkoa unaoishi uandike ule uliopo kweli, maana wasailiwa hupangiwa kituo cha usaili kwa kufuata makazi waliyoyajaza. Mwaka jana tulipigiwa simu na kijana aliyejaza Mtwara alikozaliwa huku akiishi Arusha, na nauli hakuwa nayo.