Naomba ushauri: nijifunze lugha gani ya kigeni kwa ajili ya kazi ya anga za juu?

Mirihi ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, na tangu nianze masomo haya nia yangu imekuwa kufanya kazi katika sekta ya anga za juu. Kiingereza nakisoma na kukiandika bila shida kwa kuwa ndicho tunachofundishiwa, ingawa katika kuzungumza bado sijafikia wepesi ninaoutaka. Chuo kinaturuhusu kuchukua somo moja la lugha kwa miaka miwili iliyobaki, na lugha zilizopo ni Kirusi, Kichina, Kifaransa na Kijerumani.

Nimekuwa nikiegemea Kirusi, kwa sababu karibu kila ninachosoma kuhusu wanaanga kinaonyesha kwamba hujifunza lugha hiyo kabla ya kwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wenzangu wananihimiza nichukue Kichina, kwa hoja kwamba China sasa ina kituo chake yenyewe na imekwisha kuleta duniani udongo wa Mwezi. Je, lugha huwa na uzito wowote mtu anapoomba kazi, au ni pambo tu la wasifu? Na kama ina uzito, nichague kwa kuangalia hali ya leo au hali itakayokuwapo nitakapokuwa nimekomaa kazini? Miaka miwili ni muda mwingi kwa mwanafunzi wa uhandisi, nami nisingependa kuutumia ovyo.

Zohali amejibu:

Ndugu Mirihi, nitaanza na lugha ambayo hukuiweka kwenye orodha kwa kudhani umekwisha kuimaliza. Kiingereza ndicho lugha ya kazi ya Kituo cha Kimataifa, na Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilipotangaza nafasi za wanaanga mwaka 2021 lilidai Kiingereza fasaha kwa kila mwombaji, huku lugha nyingine ikihesabiwa kuwa nyongeza tu. Walioomba walizidi 22,500, na waliochaguliwa, pamoja na wale wa akiba, walikuwa 17. Huo wepesi wa kuzungumza unaosema hujaufikia ndio pengo la kuziba kwanza, kwa kuwa mhandisi hutetea hesabu zake kwa mdomo mbele ya watu wanaotafuta kosa, na anayeshindwa kujieleza hapo huonekana kuwa ameshindwa kazi yenyewe.

Kuhusu Kirusi, heshima uliyokipa ina msingi. Chombo cha Marekani na cha Kisovieti kilipounganishwa angani Julai 1975, kila upande ulikuwa umejifunza lugha ya mwenzake, Wamarekani wakizungumza Kirusi na Wasovieti wakizungumza Kiingereza. Kisha, tangu vyombo vya Marekani vya Space Shuttle vilipostaafishwa Julai 2011 hadi kampuni ya SpaceX ilipobeba wanaanga Mei 2020, njia pekee ya wanaanga kufika kwenye Kituo ilikuwa Soyuz, chombo cha Urusi, ambacho maandishi ya vibao vyake, vitabu vyake vya maelekezo na mazungumzo yake na kituo cha uongozi karibu na Moscow vyote ni vya Kirusi. Hata leo, kwa makubaliano ya kubadilishana viti yaliyoanza mwaka 2022, Mmarekani huruka na Soyuz na Mrusi huruka na Dragon, chombo cha SpaceX.

Hata hivyo, angalia mpangilio wa mambo. NASA, shirika la anga la Marekani, humchagua mtu kwanza, kisha ndani ya mafunzo ya takriban miaka miwili humfundisha Kirusi pamoja na kutembea nje ya chombo na kuendesha mkono wa roboti. Kirusi hakikuwa sharti la kuchaguliwa. Zaidi ya hayo, Kituo chenyewe kimepangwa kustaafishwa mwaka 2030, na ushirikiano wa Ulaya na Urusi katika safari ya kwenda sayari ya Mirihi ulivunjika mwaka 2022. Kama unakusudia kusomea Urusi, ambako elimu ya roketi ina mizizi mirefu, basi kichukue bila kusita. Kama hukusudii, sioni kitakusaidia nini katika kuajiriwa.

Kilimia amejibu:

Nakubaliana na Zohali kuhusu Kiingereza, lakini naomba Kichina kisipitwe kwa haraka, kwa sababu hoja ya wenzako ni nzito kuliko ulivyoieleza. Moduli ya kwanza ya Tiangong, kituo hicho cha China, ilirushwa Aprili 2021, na kituo kikakamilika kwa moduli tatu mwaka uliofuata. Chombo cha China cha Chang'e 4 kilitua upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani Januari 2019, jambo ambalo hakuna nchi iliyowahi kulifanya, na Chang'e 6 ikaleta sampuli kutoka upande huohuo Juni 2024. Safari hiyo ya mwisho ilibeba pia vifaa kutoka Ufaransa, Italia, Sweden na Pakistan, na mwezi Februari 2025 Pakistan ilitia saini makubaliano ya wanaanga wake kufunzwa kwa ajili ya Tiangong. Nafasi kwa wageni zipo, na zinaongezeka.

Pamoja na hayo, usiingie bila kuujua mpaka uliopo. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini maalumu, na China haimo katika Kituo cha Kimataifa. Mwaka 2017 wanaanga wawili wa ESA, Samantha Cristoforetti na Matthias Maurer, walikuwa wamejifunza Kichina, wakafanya mazoezi ya kujiokoa baharini pamoja na wenzao wa China karibu na Yantai, na ilionekana kwamba siku moja Mzungu angeishi ndani ya Tiangong. Januari 2023 mkurugenzi mkuu wa ESA akasema hapakuwa na bajeti wala ridhaa ya kisiasa ya kushiriki katika kituo cha pili, yaani Tiangong. Watu hao wawili walifika angani, lakini kwa njia ya Kituo cha Kimataifa. Nalitaja hilo kwa sababu linajibu swali lako la miaka ijayo: siasa hubadilika upesi kuliko mtu anavyoweza kujifunza herufi za Kichina, na atakayechagua lugha kwa kubashiri siasa anaweza kujikuta amebashiri vibaya.

Kipime pia kwa muda wako. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina au Kijapani, takriban 1,100 kwa Kirusi, na chini ya 800 kwa Kifaransa. Makadirio hayo ni ya wazungumzaji wa Kiingereza, ila uwiano wake unakufaa nawe. Somo moja la chuo kwa miaka miwili halitakufikisha mahali pa kusoma ripoti ya kiufundi kwa Kichina. Litakufikisha mahali pazuri pa kuanzia iwapo utaendelea na shahada ya uzamili hukohuko, na kama hiyo ndiyo nia yako nitakuunga mkono kwa moyo wote.

Zuhura amejibu:

Nitaongeza jambo dogo kwa wengine watakaousoma uzi huu, maana si kila kazi ya anga ni ya uhandisi. Nimesomea sheria, na katika fani yetu lugha ni zana ya kila siku. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 una matini tano zenye nguvu sawa, yaani Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia anga, ambayo hukutana Vienna, hufanya kazi kwa lugha zote sita rasmi, Kiarabu kikiwamo. Anayetaka upande wa elimu ya nyota naye afikirie Kihispania, kwa sababu darubini kubwa za Ulaya zipo katika jangwa la Chile, na ingawa wanasayansi huandika kwa Kiingereza, mafundi na madereva wanaoziwezesha kufanya kazi huzungumza Kihispania.

Mirihi ameandika:

Nawashukuru sana. Majibu yenu yamenionyesha kwamba nimekuwa nikiwaza juu ya wanaanga, ilhali kazi ninayoitaka hasa ni ya ardhini. Kinachonivutia ni injini za roketi, hasa mwako na mitambo ya kusukuma mafuta ndani ya chemba. Je, kwa fani hiyo jibu linabadilika? Naona hakuna aliyezungumzia Kifaransa wala Kijerumani kwa undani.

Mshtarii amejibu:

Linabadilika sana, ndugu yangu, na laiti ungelisema hilo tangu mwanzo.

Kwanza lazima ujue kwamba injini za roketi ni teknolojia inayolindwa kuliko karibu zote katika sekta hii, kwa kuwa kinachorusha setilaiti kinaweza pia kurusha silaha. Nchini Marekani kanuni za usafirishaji wa silaha huzuia kampuni za roketi kumpa mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu michoro na takwimu za kiufundi, na hapo lugha haikusaidii kwa lolote. ESA nayo kwa kawaida huajiri raia wa nchi wanachama wake na washirika wake. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu cha sarufi, tafuta ni nchi zipi zinaweza kukupokea kihalali, kisha uchague lugha kati ya zilizobaki.

Baada ya hapo, tazama ramani ya injini. Huko Ulaya, injini ya Vulcain ya roketi ya Ariane hutengenezwa Vernon, Ufaransa, na hujaribiwa hapo na Lampoldshausen, Ujerumani. Sehemu kuu ya Ariane 6 huunganishwa Les Mureaux karibu na Paris, na sehemu ya juu huunganishwa Bremen. Roketi yenyewe, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Julai 2024, hurushwa kutoka Kourou katika Guyana ya Kifaransa. Toulouse kuna kituo kikubwa cha shirika la anga la Ufaransa na chuo cha ISAE-SUPAERO, ambacho kina shahada ya uzamili ya uhandisi wa anga inayofundishwa kwa Kiingereza. Mtu anaweza kusema kwamba basi Kifaransa hakihitajiki, na hapo ndipo wengi hukwama. Darasa ni la Kiingereza, lakini mafunzo ya vitendo viwandani, maelekezo ya usalama kwenye jukwaa la majaribio, na maelezo ya fundi anayekuonyesha kwa nini vali imevuja, vyote huja kwa Kifaransa. Mkutano wa timu utageuzwa kuwa wa Kiingereza kwa ajili yako, lakini fundi aliyeinama chini ya bomba hatageuza chochote, na mengi ya maana kuhusu injini utayapata kwake.

Kwa sababu hiyo ningechukua Kifaransa, na Kijerumani kiwe cha pili endapo utapata nafasi upande wa majaribio wa Ujerumani. Kifaransa kina faida nyingine kwako: msamiati wake wa kiufundi unafanana mno na wa Kiingereza, kwa hiyo kusoma makala ya mwako hakutakuchukua muda mrefu kama kusikiliza mazungumzo.

Zohali amejibu:

Ushauri wa Mshtarii ni bora kuliko wangu kwa mtu wa injini, nami naufuata. Nakuongezea la utekelezaji: lenga kufikia kiwango cha B2, yaani ngazi ya mtu anayejitegemea katika lugha, kwa cheti kinachotambulika, maana ukiandika tu kwamba una ujuzi wa msingi mwajiri hatakuwa na la kupima. Muhula huu wa kwanza tafuta maelezo ya sifa za kujiunga na shahada za uzamili unazozitaka, uone zinadai nini kuhusu uraia, ufadhili na lugha, kisha ndipo ujiandikishe katika somo la chuo. Na katika kipindi chote hicho, zungumza Kiingereza cha kiufundi kwa sauti kila wiki na mwenzako mmoja, ukimweleza hesabu zako mwenyewe hadi azielewe.

Mirihi ameandika:

Nimeelewa. Dirisha la kujiandikisha masomo bado liko wazi, nami nitaanza kwa kukagua masharti ya uraia ya shahada tatu za uzamili nilizokuwa nikizifuatilia, mbili za Ufaransa na moja ya Ujerumani. Zisiponifungia mlango, nitachukua Kifaransa. Zikinifungia, nitarudi kwa Kilimia kuuliza juu ya uzamili wa China.