Mfumo wa 6.0 au wa pointi: upi uliwatendea haki watelezaji wa kike?

Kipepeo wa Tanga
Wadau, habari za jioni. Wiki nzima narudia fainali za zamani za wanawake za kuteleza kwenye barafu, na nimenasa kwenye Olimpiki ya Salt Lake City 2002. Sarah Hughes, binti wa miaka 16, anaingia programu ndefu, ya pili na ya mwisho, akiwa wa nne baada ya programu fupi. Anaruka mruko uitwao Salchow wa mizunguko mitatu, anatua, na mguu ule ule uliotua unamrusha tena kwa mruko mwingine, lupu ya mizunguko mitatu. Michelle Kwan, aliyekuwa anaongoza, anaanguka kwenye mruko wa flipu. Dhahabu ikaenda kwa Hughes.

Naomba tulinganishe: mfumo ule wa 6.0, ambamo 6.0 ilikuwa alama ya juu kabisa ya jaji, na huu wa pointi, ambamo kila mruko una pointi zake na zote zinajumlishwa, ulioanza kutumika Olimpiki kule Torino 2006. Mimi nauegemea mpya. Aliyeshindwa ana haki ya kujua alipopoteza, na karatasi ya sasa inamwonesha mruko kwa mruko.

Mwalimu wa Hesabu
Mkuu, usiku ule una jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wachukue kalamu. Katika 6.0 alama zenyewe hazikujumlishwa. Ziligeuzwa kuwa nafasi: nafasi ya programu fupi mara 0.5, ya programu ndefu mara 1, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa.

Baada ya fupi: Kwan 0.5, Irina Slutskaya 1.0, Hughes 2.0. Kabla Slutskaya hajaingia kumalizia ndefu, Hughes alikuwa wa kwanza na Kwan wa pili. Hesabu: Kwan 2.5, Hughes 3.0. Yaani Kwan alikuwa mbele ya Hughes! Slutskaya akaja, akashika nafasi ya pili, akamsukuma Kwan hadi ya tatu. Kwan 3.5. Hughes na Slutskaya wakafungana kwa 3.0, na sare ikaamuliwa na programu ndefu, ambako majaji watano walimpa Hughes na wanne Slutskaya.

Kwan alikuwa ameshavua viatu, na mpangilio wake na Hughes ukapinduliwa na mtu wa tatu. Mimi hilo silikubali. Katika mfumo wa pointi, ukishapata zako hakuna anayezigusa.

Binti Mvita
Mwalimu, hesabu yako naipokea, lakini tazama pia Pyeongchang 2018. Alina Zagitova na Evgenia Medvedeva walipata 156.65 kila mmoja kwenye ndefu, na Zagitova akashinda kwa 1.31 ya programu fupi. Sawa. Ila miruko yote ya Zagitova kwenye ndefu iliwekwa nusu ya pili, kwa sababu kanuni iliongeza asilimia 10 kwa kila mruko wa huko. Nusu ya kwanza unangoja tu. Muziki unapanda na kushuka, yeye harukii popote. Simlaumu binti, alifuata kanuni ilivyoandikwa, na baadaye ikabanwa: sasa nyongeza ni kwa miruko mitatu ya mwisho tu kwenye ndefu.

Mtazame Kwan kule Nagano 1998, majaji wote tisa 5.9 kwa upande wa sanaa. Alishindwa na Tara Lipinski, ndiyo, lakini programu ile ni kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jaji wa 6.0 alihukumu nyumba nzima. Wa sasa anahesabu matofali.

Mama Zuhura
Wanangu, na kabla ya kuusifia 6.0, mkumbuke ile michoro ya lazima. Watelezaji walichora miduara kwenye barafu, na majaji wakainama kukagua mistari. Sapporo 1972 Trixi Schuba alikuwa wa saba kwenye programu huru, yaani ya kuruka na kucheza, na bado akachukua dhahabu, kwa sababu michoro ilikuwa nusu ya alama. Calgary 1988 Midori Ito aliruka miruko saba ya mizunguko mitatu, ukumbi ukasimama, akaishia wa tano. Michoro ilimfunga kabla hajaruka hata mara moja. Ilifutwa baada ya 1990, na mimi nilifurahi kama aliyefutwa deni.

Kipepeo wa Tanga
Shikamoo Mama Zuhura, hilo la Ito linauma. Binti Mvita, nakukubalia kuhusu 2018. Na niongeze kosa la mfumo ninaoutetea: kwa miaka mingi alama zilitolewa bila kuoneshwa ni za jaji yupi. Sochi 2014, Adelina Sotnikova 224.59 dhidi ya 219.11 za Yuna Kim, mabishano dunia nzima, na hukuweza kumnyooshea mtu kidole. Pazia lile liliondolewa 2016. Karatasi bila jina la jaji ni nusu ya haki.

Binti Mvita
Hapo tuko pamoja.

Mama Zuhura
Marahaba mwanangu. Usilale kabla ya kufungua Albertville 1992. Ito anaanguka kwenye mruko wa akseli wa mizunguko mitatu, na dakika za mwisho, miguu imeshachoka, anairudia na kutua. Mwanamke wa kwanza kuitua Olimpiki. Mwalimu, ukishaiona, tupigie hesabu yake kwa kanuni za leo.

Mwalimu wa Hesabu
Naifungua sasa hivi, mama. Kalamu ninayo.