Kikohozi cha Farhan na AC ya chumbani

*Kikundi: Familia ya Bibi, Jumamosi asubuhi*

Mama Farhan: Asalaam alaykum wapendwa. Farhan kakohoa tena usiku kucha. Mchana anacheza vizuri tu, ikifika saa nane usiku kifua kinabana, kinalia filimbi. Nimempa pampu yake ya bluu ya pumu mara mbili.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Mie nasema hiyo ni AC. Zima, fungua dirisha.

Mama Farhan: Shikamoo shangazi. Joto hili la kaskazi, ghorofani huku Kariakoo, bila AC mtoto halali kabisa.

Shangazi Rukia: Marahaba. Basi mtafutieni njia, kifua cha mtoto si cha kuchezea.

Ba Mdogo Nassor (Muskati): Nimetumiwa ujumbe huu, someni: "AC ya nyumbani inazalisha Legionella, mdudu anayeua mapafu."

Zuhura: Shikamoo ba mdogo. Mdudu huyo yupo kweli. Mwaka 1976 aliwashika watu zaidi ya 180 waliohudhuria mkutano hotelini Philadelphia, Marekani. Lakini yeye anaishi kwenye maji, hasa ile minara ya kupozea ya majengo makubwa. AC ndogo ya ukutani haina maji ya namna hiyo. Tusimtishe mama wa mtoto.
Mama Farhan, umeiweka digrii ngapi? Na filta ilisafishwa lini?

Mama Farhan: 18. Madirisha tunafunga tangu Magharibi kwa sababu ya mbu. Filta sikujua kama inatolewa.

Salim Fundi: Dada, zima umeme kwanza. Inua kifuniko cha mbele, utaona wavu mbili za plastiki. Zivute, piga picha.

Mama Farhan: [picha]
Subhanallah. Zimevaa vumbi kama blanketi. Na ikiwaka asubuhi hutoa harufu ya nguo mbichi zilizolala kwenye beseni.

Salim Fundi: Harufu hiyo ni ukungu. AC ikipoza, unyevu wa hewa unageuka maji kwenye mabati yake ya ndani, kisha maji yanatoka kwa bomba. Vumbi likipita filta linanata pale penye majimaji, ukungu unaota, feni inaupuliza chumbani. Maji yanatoka nje vizuri?

Mama Farhan: Kidogo. Mengine yanachuruzika ukutani ndani.

Salim Fundi: Bomba limeziba. Usiiwashe leo, nakuja jioni kuosha mabati na kuzibua. Filta zioshe wewe: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uzianike kivulini zikauke kabisa. Ukirudisha mbichi umerudisha ukungu. Na usipulizie jiki humo, mvuke wake utamchoma kifua. Baada ya hapo, kila wiki mbili.

Ba Mdogo Nassor (Muskati): Huku kiangazi joto linapita 40, AC haizimwi. Kila alfajiri nafungua madirisha yote nusu saa. Hizi za ukutani haziingizi hewa ya nje, zinazungusha ileile mliyokwisha kuipumua.

Zuhura: Hapo hapo ba mdogo. Mama Farhan, chumbani kwake mnafukiza udi?

Mama Farhan: Kila usiku wa Ijumaa. Na dawa ya mbu ya kuchoma kila siku.

Zuhura: Mlango umefungwa, moshi unazunguka naye mpaka asubuhi. Udi ufukizwe sebuleni, madirisha wazi, yeye akiwa hayupo. Mbu, mtundikie chandarua. AC iwe 25 au 26, upepo uelekee juu, usimpige usoni. Baridi kavu humkera mwenye pumu.
Ila usitulie kwa filta peke yake. Pumu ina kawaida ya kuzidi usiku, na pampu ya bluu inafungua njia ya hewa tu, uvimbe wa ndani inauacha. Mpeleke kliniki Jumatatu, uulize kuhusu pampu ya kinga ya kila siku. Akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zikididimia akivuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje Jumatatu. Hospitali saa hiyohiyo.

Mama Farhan: Nimesoma yote. Filta ziko kwenye kamba.

Shangazi Rukia: Udi nilimletea mimi, sikujua. Nisamehe mwanangu.

Mama Farhan: Usiseme hivyo shangazi, udi wako tutaufukiza sebuleni.

Shangazi Rukia: Salim, ile AC ya chumbani kwa bibi yenu haijafunguliwa tangu babu yenu yu hai. Naye siku hizi anakohoa.

Salim Fundi: Kesho saa tatu nipo kwake inshallah. Nakuja na ngazi.