Tupeane uzoefu: ulipoanzisha biashara, hofu uliishindaje?

Wakuu, salaam. Hapa Kigoma vijana wenye mawazo mazuri ni wengi, na wengi wanayakalia kwa woga. Kuambiwa "jikaze" hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni kujiuliza naogopa nini hasa. Wewe ulikuwa unaogopa nini, na ulifanyaje?

Naanza mimi. Nilitaka kutengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wakaushaji dagaa wa Kibirizi na Katonga na wanunuzi wa Dodoma na Dar. Akiba yangu ingetosha kumlipa mtengenezaji, basi. Je, hela yote iende halafu wateja wasitokee? Usingizi ukapaa. Nikaiandika hofu ile kwenye daftari kama swali: mtu wa Dodoma atalipia dagaa ambao hajawashika? Kumbe kulijibu hakuhitaji programu. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaweka picha za dagaa wa kwenye chanja, malipo kwanza. Kimya. Nikarekodi video: nachota dagaa, nawatia kwenye bakuli la maji, nawakoroga, nawaopoa, halafu naonyesha chini ya bakuli hakuna mchanga. Hapo simu zikaanza kuita, maana mla dagaa anajua kinachomkera. Malipo ya kwanza kutoka kwa mtu nisiyemjua hayakuiondoa hofu, ila yaliifanya ibebeke.

Hofu nyingine zina ukweli wake. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wapate kuzaliana, mzigo ulikata. Sikuwa na deni, na mshahara bado ulikuwepo, nikasubiri. Ndiyo maana simshauri mtu aache kazi ili tu aonekane jasiri.

Mchangiaji, Ujiji:
Mimi niliogopa macho ya watu. Una digrii halafu unauza sabuni ya mawese? Nikaanza kuuza Kasulu kwanza, nisikojulikana. Niliporudi mtaani kwetu nilishajua bei na wateja wanataka nini, na maneno ya watu hayakunipata tena. Mama mmoja aliyenisema sana sasa ananunua kwangu.

Mchangiaji, Mwanga:
Kwangu ilikuwa kodi, dada zangu. Niliwaza nikijiandikisha tu nimekwisha. Nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, kuuliza mwenyewe. TIN, yaani namba ya mlipakodi, haina malipo, na mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Kinachofuata ni kuandika mauzo yako kila siku, hata kwenye daftari la shule. Halafu ulizieni na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba, ila ni mkopo, unarudishwa. Na chagueni wanakikundi kwa macho makavu, akitoroka mmoja mnabanwa wote.

Mchangiaji, Kibondo:
Mimi bado naogopa. Nataka kufungasha asali ya huku niuze mjini, nimeshaulizia hadi bei ya mashine. Nikope?

Mwanzisha mada:
Mdogo wangu, mashine isubiri. Jaza chupa chache kwa mkono, safi, zenye kifuniko kizuri, umpelekee mwenye duka mmoja hapo Kibondo. Akikuomba nyingine, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakueleze utaratibu wa TBS, shirika la viwango, kabla hujaanza kupeleka mbali. Asipoomba, muulize kwa nini, uje utuambie hapa.