Wakodishaji wa kempa: gari likifia mlimani mnamlaumu mteja, wakati ubovu limetoka nao yadi

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira. Jina la kampuni sitaji, maana mchezo huu hauchezwi na mmoja. Mtu anakodi Land Cruiser au HiAce iliyogeuzwa kempa: hema juu, friji, jiko la gesi, tangi la maji, na tangazo limejaa picha za Usambara. Gari likichemsha kabla ya Soni, kwenye barabara ya mlima ya Mombo hadi Lushoto, au pedeli ya breki ikizama hadi chini wakati wa kushuka Mombo, jibu la ofisini ni moja tu: "Mteja hajui kuendesha mlimani." Kisha amana inakatwa.

Haya, tuongee kifundi.

Breki kwanza, maana ndizo zinazoua. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na tofauti ya mwinuko inakaribia mita 1,000. Kempa la tani tatu likishuka hapo linazalisha joto la kuchemsha ndoo nne za lita 20 na chenji ikabaki. Dereva akishuka kwa gia namba mbili au tatu, injini inabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kinachobaki kinaenda kwenye diski, pedi, na mwishowe kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7 inachemkia 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Ndiyo maana yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limelala yadi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika. Unakanyaga, pedeli inashuka, gari halisikii.

Na hapa ndipo wanapotupiga. Gari likipumzika nusu saa, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedeli inakuwa ngumu kama kawaida. Fundi wa kampuni anafika, anakanyaga, anasema "breki nzima hizi", anajaza fomu kwamba dereva ameunguza breki. Ubovu umejificha wenyewe! Kwa hiyo tofautisheni: pedeli ngumu, harufu ya kuungua, gari halisimami, hizo ni pedi zimezidiwa na joto, na hapo kweli huenda dereva ameshuka amekanyaga breki muda wote. Pedeli laini inayozama ni mafuta kuchemka, au upepo ndani ya mabomba ya breki, au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) inavujisha ndani. Andikeni kwenye fomu ilikuwa ipi, saa hiyo hiyo, kabla hamjasaini chochote.

Kubadilisha mafuta yote hakuhitaji miujiza: lita moja hivi, mpira mwembamba, chupa, na watu wawili. Unaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Usisahau valvu ya kupimia mzigo, inayogawa presha ya breki za nyuma, ile yenye mkono ulioungwa na ekseli ya nyuma. Nayo ina nati yake ya kutolea upepo, na fundi maiko (wa kubahatisha) wengi hawaigusi kabisa.

Hiyo valvu ina dhambi nyingine ambayo watengeneza kempa hawaisemi. Wakishafunga hema (moja ni kilo 50 hadi 70), tangi la lita 60, betri ya pili na spea mbili, gari linakaa chini kwa nyuma. Wanaongeza majani ya springi, bodi inapanda. Valvu inasoma umbali kati ya bodi na ekseli, kwa hiyo inaona kama gari ni tupu, inapunguza presha ya breki za nyuma. Gari limekuwa zito zaidi na breki za mbele ndizo zinazobeba mzigo wote. Mkono wa valvu ulitakiwa kurekebishwa siku ile ile springi zinafungwa. Ulizeni kama umerekebishwa, muone watakavyotazamana.

Kuchemsha sasa. Ukilifungua gari lao utakuta maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) na themostati, valvu inayofunguka kwa joto kupeleka maji kwenye rejeta, imechomolewa "ili injini ipoe". Huu ujinga umetutesa miaka mingi. Kwenye injini ambazo themostati ndiyo inayoziba njia ya mchepuko (njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini), ukiichomoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare ya Chalinze huwezi kujua. Kwenye kona za Soni, mzigo kamili, spidi 25, upepo hakuna, sindano inapanda.

Halafu kifuniko cha rejeta. Kikiwa kizima kinashikilia presha ya karibu bar 0.9, na maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 118. Springi yake ikilegea, mwinuko wa Lushoto wa mita 1,400 maji yanachemka kwenye 95. Ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni 92, yaani joto la kawaida la injini. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo mno kuua silinda hedi.

Feni nayo: injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, izungushe kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa kwa wepesi, klachi ya feni (kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto) imekufa.

Likishachemsha: AC zima, hita fungua hadi mwisho, egesha, jiwe nyuma ya tairi, pembetatu na matawi mbali kabla ya kona (na uyaondoe ukimaliza, jamani). Kama maji hayajamwagika, acha injini ilale saileni (iungurume bila kukanyaga mafuta) ipoe. Ukiona mvuke, zima. Kifuniko usikiguse kwa dakika 30 hadi 45. Ukiongeza maji, ongeza kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma. Maji baridi kwa pupa kwenye injini kavu yanapasua hedi, na hapo kweli utalipa wewe.

Klachi na matairi ndivyo vipengele mkataba unavyomtupia mteja moja kwa moja. Basi pima yadini, mara moja tu: hendibreki juu, gia ya tatu, injini kwenye mizunguko 1,500, achia klachi polepole. Injini izimike papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, pleti imeisha, na mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, utaimalizia wewe kwa pesa yako. Tairi lisome tarakimu nne za mwisho baada ya alama ya DOT ubavuni (si ile ya mafuta ya breki): 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018. Kashata (meno ya tairi) nzuri si hoja, mpira unazeeka hata ukiwa umesimama.

Msije na "barabara zetu mbaya". Mombo–Lushoto ni lami.

Tunachotaka kwenye mkataba: tarehe ya mafuta ya breki na kulanti, uzito wa gari likiwa limejazwa vitu, na kipengele kwamba mfumo wa breki na wa kupoza injini ni juu ya mwenye gari, pamoja na gharama ya kuvutwa. Mwenye mkataba ulioandikwa hivyo aweke kipengele hicho hapa, jina la kampuni alifunike.