Tupeane uzoefu: Hadithi ya jarida ilipokukatikia njiani, uliimalizia wapi?

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Kusini, wakubwa shikamooni. Juma lililopita nilifungua sanduku la marehemu mama yangu, aliyekuwa mwalimu huko Newala, nikakuta majarida ya wanawake ya miaka ya 1980 aliyokuwa akiyapokea kwa posta. Katika kila jarida, ukurasa wa hadithi ya kuendelea umekunjwa pembe. Toleo la tatu lipo, la nne lipo, la tano na la sita hayapo, la saba lipo. Wenye umri wangu hawana haja ya kuuliza sababu, maana masika ilipoingia barabara ya Dar es Salaam ilikatika, magari yakalala foleni kusubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na kivuko hicho kilitutesa mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo, mama aliandika kwa penseli yale aliyodhani yametokea katika matoleo mawili yaliyopotea. Ni kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu amefuta jina la mchumba mara mbili.

Nilidhani kukatikiwa hadithi ni shida yetu sisi tuliokaa mwisho wa barabara, kumbe ni jambo la zamani. Huko London, *The Lady's Magazine* lililoanza mwaka 1770 lilitegemea sana maandishi ya wasomaji wenyewe, wengi wao wakiandika bila malipo na kwa majina ya kubuni. Mwandishi aliponyamaza katikati, hadithi yake ilibaki ikining'inia, na mhariri akabaki kumsihi kurasani alete iliyobaki. *Godey's Lady's Book*, lililoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1830, lilishika njia nyingine. Sarah Josepha Hale, aliyelihariri tangu 1837 hadi 1877, alitaka kazi mpya za waandishi wa nchini mwake badala ya kunakili za Uingereza, na waandishi wakalipwa. Wanawake wengi walipatia humo jina na riziki, na hata Edgar Allan Poe, mwandishi maarufu wa hadithi wa Marekani, alichapisha humo. Naamini kwa dhati kwamba mwandishi anayelipwa ndiye anayeifikisha hadithi mwisho.

Naomba kila mmoja aeleze: hadithi gani ilikukatikia, na ulifanyaje?

Mchangiaji wa pili, Lindi

Asante, dada, kwa mada hii. Nyumbani kwetu jarida halikusomwa na mtu mmoja. Msimu wa korosho bibi na majirani zake walikaa barazani kubangua, mikono wameipaka majivu ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, na mwenye mikono ya majivu haruhusiwi kugusa karatasi. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa darasa la tano, niliondolewa kwenye kazi ili nisome kwa sauti. Niliporuka neno gumu walinigundua papo hapo, wakanirudisha mwanzo wa sentensi.

Hadithi tuliyoipenda ilihusu msichana wa ushonaji aliyeachwa na mchumba wake siku tatu kabla ya harusi. Iliishia pale anapopokea barua, na chini yake pameandikwa "Itaendelea". Toleo lililofuata halikuja. Tulingoja mwezi, tukangoja wa pili, ndipo bibi yangu, ambaye kusoma alijifunzia ukubwani katika madarasa ya elimu ya watu wazima, akasema kwamba barua ile ameshaisoma yeye, na akaanza kuisimulia. Kwa bibi, barua ilitoka kwa mama wa mchumba, ikiomba radhi na kurudisha cherehani iliyowekwa rehani. Aliisimulia jioni tano, na wanawake wale walimkatiza, wakamsahihisha, wakagoma pale alipotaka kumrudisha yule mwanamume.

Toleo lenyewe lilipofika, likiwa limelowa na kukauka, tukakuta mwandishi amemsamehe mchumba katika aya mbili. Nilisoma mpaka mwisho, nikasikia ukimya. Kisha jirani mmoja akasema, "Huyu hamjui yule binti." Tangu siku hiyo iliyosimuliwa kwetu ni ile ya bibi, na wajukuu zangu wanaijua bila kuwahi kuliona jarida.

Mchangiaji wa tatu, Masasi

Langu ni fupi. Mwisho wa hadithi niliyoitafuta mwaka mzima niliupata stendi, umefungiwa karanga. Nilimlipa mama muuzaji karanga nyingine ili anipe na karatasi iliyobaki katika rundo lake, lakini mistari mitatu ya mwisho ilikuwa imelowa mafuta, na mpaka leo sijui kama yule mama alimpata mwanawe.

Mchangiaji wa nne, Nachingwea

Dada mwanzisha mada, neno lako kuhusu malipo limenigusa, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa karatasi. Nikiwa sekondari nilipeleka hadithi ya sehemu sita kwenye jarida moja ambalo sitalitaja. Sehemu mbili zilichapishwa kwa jina langu, ya tatu bila jina, nyingine hazikutoka kabisa. Sikupata barua wala senti. Wakati ule nilijilaumu, nikadhani nimeandika vibaya. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzishwa mwaka 1987 na kutoa jarida la *Sauti ya Siti*, lililobeba jina la Siti binti Saad, nilifarijika kuona wanawake wenyewe wameshika kalamu ya mhariri, ingawa hadithi yangu sikuwahi kuipeleka tena popote.

Nakala ya kaboni ninayo. Wino umefifia, lakini sehemu ya nne, ya tano na ya sita zinasomeka. Inahusu msichana wa Mikindani anayengoja meli. Kama sanduku la mama yako lina toleo lenye sehemu ya kwanza, niambie, nije na nakala yangu tuziunganishe.