Uwekezaji unazidi theluthi ya pato la taifa, mbona viwanda hatuvioni?

Mpiga Hesabu: Wakuu, kwa takwimu za Benki ya Dunia, ukuzaji rasilimali wa Tanzania (yaani hela inayokwenda kwenye ujenzi, mashine na vifaa vya kuzalishia) miaka ya karibuni umezidi theluthi moja ya pato la taifa. Kenya wanacheza kwenye asilimia 20 hivi. Kwa mwendo huu tulitakiwa tuwe mbali. Hela inaingia kwenye mashine au kwenye zege? Mimi naona mapagale tu kila kona.

Binti Rufiji: Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, nalo pagale? SGR ya Dar mpaka Dodoma imeanza kubeba watu 2024, hiyo hujaiona? Watu wengine bwana.

Kiroboto: Kauliza viwanda, wewe unaleta treni. Reli ya TAZARA ya kwenda Zambia ni kilomita 1,860, Mchina kaijenga 1970 hadi 1975, leo inabeba nini? Kiwanda cha viatu Morogoro kilijengwa kwa hela ya Benki ya Dunia, hakikufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake. Ila mwaka wa kujengwa vitabu vilisoma vizuri.

Fundi Mstaafu: Nimefika kwenye "mapagale" nikaishia hapo. Kijana, wewe unalala kwa nani? Mtumishi anajenga kwa tofali za kila mshahara, miaka inapita, halafu anakuja mtu na simu yake kumcheka.

Mpiga Hesabu: Mzee shikamoo. Sijakucheka. Tena pagale lako limo kwenye hiyo theluthi. Ujenzi wa nyumba unahesabiwa hata kabla ya kuezeka. Kiwanja ndiyo hakimo, maana ardhi haikuzalishwa, imebadili mwenyewe tu.

Fundi Mstaafu: Marahaba. Kumbe mimi mwekezaji! Basi na mimi nipewe misamaha ya kodi kama wale wa suti.

Kiroboto: 😂😂 Na kale kagari kako?

Mpiga Hesabu: Gari la kutembelea ni matumizi ya kaya. Bodaboda ya biashara ndiyo rasilimali.

Dereva wa Chuma: Naomba uyaandike haya kwa herufi kubwa nimpelekee mama watoto. Kila siku ananiambia boda uhuni.

Binti Rufiji: Eti mwekezaji. Ndiyo maana wenye nyumba mnadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Mshahara wenyewe tunalipwa kwa mwezi!

Fundi Mstaafu: Riba ya benki unaijua wewe? Bati na saruji unadhani nilikopeshwa na nani? Ni hiyo miezi sita.

Kiroboto: Jamani, mada. Takwimu hizo ni ghafi, hawatoi uchakavu. Barabara ikifumuka ikajengwa upya, inahesabiwa tena. Mnaweza kuwekeza theluthi kila mwaka mkawa mnaziba mashimo yale yale. Mleta mada ajibu hilo.

Mpiga Hesabu: Nakubali nusu. Mashine tunaagiza, lakini nyingi zinakwenda kwenye ujenzi na migodi, siyo…

Dereva wa Chuma: Samahani mkuu, na bajaji je? Nina ya mkopo, haijaisha.

Mpiga Hesabu: Inahesabiwa. Mkopo hauna shida.

Binti Rufiji: Mzee, miezi mitatu inatosha. Sisi siyo wezi.

Fundi Mstaafu: Vyumba viwili vya uani vimekwisha, umeme upo. Njoo uangalie. Miezi sita.